Kabureta ya 404: ioshwe irudi, au ing'olewe?

Binti wa Mkonge (Tanga): Wakuu, habari za jioni. Marehemu baba ametuachia Peugeot 404 ya mwaka 1966, injini ileile ya cc 1618. Imelala bandani miaka 11. Juzi tumeiwasha: ikashika, ikatoa moshi mweusi, ikamisi, ikazima. Petroli ikawa inachuruzika ubavuni mwa kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa. Fundi tuliyemwita anasema kabureta hiyo, ambayo ni ya Solex, imekufa, nitafute ya Kichina ya gari jingine, achonge kibao cha kuifungia, mambo yaishe. Kaka yangu yuko upande wake. Mimi naona ukishang'oa kabureta, kesho watang'oa na usukani. Na mafundi wetu wananiudhi, kila wakiona kitundu wanachomeka waya. Nani ana haki hapa?

Fundi Gerezani: Dada, nilisoma vizuri mpaka kwenye "waya". Nina miaka 26 katika kazi hii. Mteja anakuja saa nne asubuhi, umeme hakuna, kompresa imelala, mkononi ana elfu kumi na tano na anataka gari kabla ya adhuhuri. Jeti, kile kijipande chenye tundu la kupimia petroli ndani ya kabureta, imeziba. Ulitaka niipulizie dua? Mnatutukana mtandaoni, halafu likizima barabarani usiku mnatupigia sisi.

Mzee wa Spana (Moshi): Wote mna hoja, lakini dada yuko karibu zaidi na ukweli. Chukua jeti kuu uiangalie juani: ina namba imegongwa kichwani. Ikiwa 130, tundu lake ni milimita 1.30, yaani namba inahesabu sehemu za mia za milimita. Jeti ni shaba laini. Waya wa chuma ukipita mara tatu nne, namba inabaki lakini tundu limeshapanuka, na gari litakunywa mafuta mpaka mnachoka. Wewe uko Tanga, nenda kwa wavuvi ukaombe kipande cha mshipi wa nailoni. Loweka jeti kwenye petroli safi usiku kucha, asubuhi pitisha mshipi, kisha puliza. Na mtu asikudanganye uichemshe kabureta kwa kostiki, ile soda ya kutengenezea sabuni! Mwili wa Solex ni mchanganyiko wa zinki, kostiki inaula. Ndimu na siki vilevile. Niliwahi kuona moja imetoka kwenye sufuria nyeusi, ina vitundu kama mkate wa kumimina.

Jamaa wa Nakuru: Shikamoo mzee, lakini hii ni kazi ya kuabudu chuma. Weka kabureta mpya, gari liende. Halafu tuelewane, 404 ilipata jina kwa sababu yetu Wakenya. Mbio za magari za Safari Rally ni zetu. Nyinyi wa huko mlisimama kando ya barabara mkitupungia mkono tukipita.

Binti wa Mkonge: Kupunga mkono? Mwaka 1966 na 1967 nani alichukua Safari? Bert Shankland, kutoka Dar es Salaam, na gari lilikuwa Peugeot 404. Mara mbili mfululizo! Siku hizo iliitwa East African Safari, ilipita Kenya, Uganda na kwetu. Baba alinunua hili letu kwa sababu ya mtu huyo. Usitufanye watazamaji.

Jamaa wa Nakuru: Shankland ni Mskoti, dada. Na Nick Nowicki wetu je? 1963 na 1968, 404 vilevile, na miaka yote miwili waliofika mwisho walikuwa 7 tu. Kushinda matope ya mwaka kama huo ndiko kushinda.

Binti wa Mkonge: Na Nowicki ana asili ya Poland. Tukianza kudaiana vyeti vya kuzaliwa hatutalala.

Mwana wa Kampala: Mnagombania 404 na Shekhar Mehta hamumtaji! Ameshinda Safari mara sita, zote na Datsun, tena ni mzaliwa wa Uganda.

Jamaa wa Nakuru: Ni tano. 1973 kwa 240Z, halafu nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Na aliendesha kama Mkenya.

Mwana wa Kampala: Tano basi. Bado hakuna aliyeshinda mara nyingi kumzidi.

Mzee wa Spana (Moshi): Kwa kuwa mmefika huko, nami niseme. Zile 404 zilizoshinda 1966 mpaka 1968 zilikuwa za injection, yaani hazina kabureta, petroli inasukumwa na pampu ya Kugelfischer. Ya kabureta ni ile ya 1963.

Jamaa wa Nakuru: Asante mzee! Kumbe Peugeot wenyewe walishaiona kabureta haifai. Mjadala umefungwa.

Binti wa Mkonge: Haujafungwa hata kidogo. Waliuza aina zote mbili, na hii yetu ilitoka kiwandani na Solex yake. Baba hakuwa na haja ya kushinda rali. Alitoka Korogwe alfajiri kwenda shambani, akarudi na vumbi la mkonge kwenye nyusi, kwa kabureta hiyohiyo. Anayesema haifai aje anionyeshe ilipomwacha njiani.

Fundi Gerezani: Dada, umewajibu watu wote wa rali. Mimi uliyenitukana hujanijibu.

Binti wa Mkonge: Ni kweli, kaka. Niliwajumlisha nyote kwa hasira za mtu mmoja. Nisamehe.

Fundi Gerezani: Yameisha. Sasa nisikilize. Moshi mweusi na petroli ya kuchuruzika si dalili ya jeti kuziba. Jeti ikiziba gari linakosa mafuta, lako linazama kwenye mafuta. Fungua kifuniko, toa boya, lile linaloelea juu ya petroli ndani ya kabureta. La Solex hiyo ni la shaba. Litikise sikioni. Ukisikia kitu kinacheza ndani, limetoboka, limekunywa petroli, halielei tena, kwa hiyo nidle, ile sindano ya kuzuia petroli isiingie zaidi, haifungi. Likiwa kimya, basi kagua nidle yenyewe na kiti chake. Boya lililotoboka lizamishe kwenye maji ya moto, mbali na jiko. Mapovu yatakuonyesha tundu. Usilisogeze kwenye moto likiwa na petroli, litakulipukia usoni. Likishakauka kabisa, tone dogo la risasi, kwa pasi ya kulehemu. Ukiweka risasi nyingi boya linakuwa zito na kipimo cha mafuta kinapanda tena.

Binti wa Mkonge: Nimetoka bandani sasa hivi. Nimelitikisa. Linacheza! Kama dafu lililobaki maji kidogo.

Jamaa wa Nakuru: Sawa, boya. Lakini 1963 Nowicki alikuwa na kabureta na akashinda, kwa hiyo bado Kenya.

Msafiri wa Pangani: Mimi ndiye kaka anayesemwa hapa. Nimesoma yote. Sikusema kabureta ya baba itupwe. Nilisema mama ana kliniki hospitali ya Bombo kila Jumatatu, na bodaboda zinamuumiza mgongo. Mkilirudisha boya hilo, gari litafika Bombo au tutabaki nalo tukitazama namba za jeti?

Fundi Gerezani: Lini Jumatatu yake ijayo?

Msafiri wa Pangani: Tarehe 14.

Fundi Gerezani: Mwambie dada asiguse kingine chochote. Na usije na ya Kichina.