Wikiendi Unguja: Forodhani bado pa kula au tunapigwa tu?

Msafiri_wa_Boti
Wakuu habari za jioni. Ijumaa navuka na waifu, siku mbili tu, Jumapili tunarudi Dar. Swali langu, Forodhani, ile bustani ya pwani wanapouza vyakula jioni, kwa mtu mwenye mfuko wa kawaida bado panafaa au pashakuwa pa wazungu? Mara ya mwisho nilisimama kwenye meza moja sikuuliza bei, kijana akanijazia sahani, kamba, pweza, ngisi, kuja kulipa elfu arobaini na tano na njaa bado ninayo. Mimi naona kila meza ibandikwe bei, mtalii na mwenyeji walipe sawa. Na mchana tuzurure wapi, waifu anataka khanga mimi nataka kahawa.

KahawaChungu
Kosa lako, ulikula kabla hujauliza. Pale unauliza mshikaki mmoja bei gani, unaambiwa, hujaridhika unapita meza ya pili, mbona meza zimejaa. Na ukianza na "mambo vipi broo" washajua umeshuka na boti. Mchana nendeni soko la Darajani mapema jua halijawa kali, khanga shukeni Mchangani, mwache waifu apekue atakavyo usimharakishe, halafu Jaws Corner kahawa kikombe kidogo na kashata, kaa barazani usikilize wazee wanavyobishana siasa na mpira. Jioni Forodhani nenda kwa juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, na kuangalia vijana wanavyojirusha baharini. Kula si lazima.

Mtu_wa_Mbagala
Darajani hakuna daraja, Forodhani hakuna forodha, Zanzibar piza sio piza. Kisiwa cha majina hicho. Na ule urojo wenu nilionja nikaona ni uji wa mgonjwa mtu katupia bajia.

BintiMalindi
Uji wa mgonjwa??? Astaghfirullah. Ulinywa wapi wewe, kwenye ndoo ya nani? Urojo una embe mbichi, una manjano, unga wenyewe unapikwa mpaka ushikane, ndo inakuja bajia, kachori, mishkaki, chipsi za mhogo, chatne ya nazi, pilipili. Ukikosa kimoja watu wanauliza. Mgonjwa gani huyo anakula hivo?

Mtu_wa_Mbagala
Kwetu tunaita mix, na ya Kariakoo naiona tamu zaidi. Samahani kama nimekukwaza dada.

BintiMalindi
Mix ni jina la mtu aliyeshindwa kusema urojo.

Shehe_Bila_Kanzu
Hahahaha hapo kashika.

Mkongwe61
Vijana kabla ya kucheka mjue. Daraja lilikuwepo. Pale palikuwa na mkono wa bahari, Mji Mkongwe huku, Ng'ambo kule, watu wanavuka, baadaye ukafukiwa. Soko lenyewe lilifunguliwa 1904. Na forodha pia ilikuwepo, jina halikuokotwa. Bustani unayoiona leo ilikarabatiwa na watu wa Aga Khan ikafunguliwa 2009, kabla ya hapo wauzaji walikuwa wamepangana ovyo ovyo. Mie nilikuwa nakula pale kwa mwanga wa karabai.

Mtu_wa_Mbagala
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo kwenye piza umeruka.

Mkongwe61
Marahaba. Piza siitetei. Ile ni chapati iliyotiwa kima na yai ikakunjwa, mayonezi juu yake sijui nani kaileta. Kula lakini usije kuniambia ni chakula cha bibi yangu.

PwezaMkavu
Hili la bei sawa hamlijibu. Mimi nauza, sio Forodhani, sehemu nyingine. Mzungu anakaa nusu saa anapiga picha, anataka aelezwe kila samaki, mwisho anachukua mmoja. Mwenyeji anakuja kila wiki na watoto. Hata makumbusho mgeni ana tiketi yake na mwenyeji yake na hamlalamiki, mbona kwenye ngisi wangu ndo mnataka usawa.

Msafiri_wa_Boti
Sasa mimi wa Dar ni mgeni au mwenyeji? Ndo swali langu.

Mtu_wa_Mbagala
Mgeni. Mpaka unywe uji wao uusifie.

BintiMalindi
Wewe lazima utakuwa umelelewa na ugali wa mabumunda huko, ulimi umekufa ganzi. Watu wa bara mkija mnaagiza chipsi mayai mbele ya bahari, mnamaliza mnasema Unguja hakuna chakula.

Shehe_Bila_Kanzu
Dada taratibu, mimi ni wa bara na urojo nakunywa bakuli mbili. Halafu chipsi mayai imekosa nini?

KahawaChungu
Mleta mada kasema kamba na ngisi, nyie mko chipsi mayai. Haya.

Msafiri_wa_Boti
Wakuu khanga. Mchangani doti ni bei gani siku hizi?

Shehe_Bila_Kanzu
Subiri kidogo mkuu hili tulimalize. BintiMalindi, kachori ya kwenye urojo ni ya viazi au ya dengu? Maana mimi nimeuziwa zote mbili na kila mmoja kaapa.

BintiMalindi
Viazi. Dengu ni bajia. Hili nalo la kuuliza?

Mtu_wa_Mbagala
Bajia ni kunde.

BintiMalindi
Kunde zipo, dengu zipo. Unabishana na mimi kuhusu bajia? Mie nimezaliwa Mnazi Mmoja.

Mtu_wa_Mbagala
Hata mimi nimezaliwa Mnazi Mmoja.

Shehe_Bila_Kanzu
Ipi?