Kulipia umeme na gesi hata siku usiyowasha taa: ni haki? (Mjadala)

Mleta mada (Leicester)

Wakuu, habari za majukumu.

Julai 2024 nilikwenda Tanga kumuuguza mama, nikakaa wiki tano. Kabla sijaondoka hapa Leicester nilimaliza vya kwenye friji, nikazima swichi kuu, nikafunga koki ya gesi. Mita zangu zote mbili ni za kulipia kabla: ya umeme inatumia ufunguo wa plastiki, ya gesi inatumia kadi. Kwenye umeme niliacha paundi 15, kwenye gesi paundi 2. Nimerudi usiku na masanduku yangu, napandisha swichi, kimya. Nikaimulika mita kwa tochi ya simu. Umeme unanidai paundi 5 na ushee. Gesi inanidai karibu paundi 9. Wiki tano nzima haijawaka hata balbu moja humo ndani.

Kwa wasioishi huku, bili ya nishati ya Uingereza ina sehemu mbili: bei ya uniti, na ada ya kila siku ambayo inakatwa uwashe usiwashe. Oktoba 2024, kwa wastani, ada hiyo ilikuwa peni 61 kwa umeme na peni 32 kwa gesi. Zijumlishe, zidisha kwa siku 365, unapata kama paundi 340 kwa mwaka kabla hujachemsha hata chai. Na majira ya baridi ya 2021 ada ya umeme ilikuwa kama peni 25 tu! Sidhani kama nyaya zimeongezeka kiasi hicho. Kilichoongezeka ni mizigo iliyopakiwa juu yake. Bei ya gesi ilipopaa kuanzia 2021, kampuni karibu 30 za kuuza nishati zilianguka, wateja wao wakagawiwa kampuni nyingine, na gharama ya kuwahamisha ikapachikwa kwenye ada hii hii. Aprili 2022 na sehemu ya gharama za mtandao wa nyaya, ambayo zamani ilikuwa ndani ya bei ya uniti, nayo ikahamishiwa hapo.

Ndani ya eneo moja, bibi wa chumba kimoja na mwenye jumba la vyumba sita wanakatwa ada ileile. Mimi nasema ifutwe. Gharama zote ziingie kwenye uniti, anayetumia sana alipe sana.

Nawasilisha.

Mhasibu (Reading)

Dada, pole na mama. Ila hoja naipinga.

Wewe uliondoka wiki tano, waya haukuondoka. Nguzo, transfoma, fundi wa zamu usiku wa theluji, wote walikuwepo wakikusubiri urudi upandishe swichi. Gharama ya kukuweka kwenye mtandao haipungui kwa sababu umezima taa.

Halafu tazama nani angenufaika ada ikifutwa. Kuna watu huku wana nyumba ya pili ufukweni Cornwall, wanakwenda wiki mbili kwa mwaka. Bila ada, huyo atalipia uniti za wiki mbili na kwaheri, waya wake utatunzwa na wewe. Mwingine amejaza sola juu ya paa. Juni hanunui karibu chochote, ila Januari saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, anautaka waya uleule. Ukihamishia kila kitu kwenye uniti, mzigo unaangukia wale wasioweza kupunguza uniti, yaani wapangaji wa ghorofani wasio na paa lao. Wewe na mimi.

Mchangiaji (Liverpool)

Mwaka 2024 sisi huku Merseyside pamoja na Wales Kaskazini ndio tuliokatwa ada kubwa ya umeme kuliko wengine, London ndio waliokatwa ndogo. Tofauti imewahi kupita peni 20 kwa siku. Kwa hiyo sina sababu yoyote ya kuipenda.

Lakini ninaishi na baba mkwe, amepooza upande mmoja. Godoro lake la hewa linavuta umeme usiku na mchana. Nguo na shuka ni kufua kila siku. Fleti haina gesi, joto lote ni la umeme, na mzee wa miaka 79 humwambii avae sweta mbili. Sisi ni maskini tunaotumia uniti nyingi. Mleta mada akishinda, bili yangu inapanda ili ya mwenye nyumba Cornwall ishuke. Sikubali.

Mpangaji (Mbagala)

Kumbe na Ulaya wanakatwa! Nilidhani ni sisi tu.

Huku Dar bwana tulishaondolewa sevisi chaji. Wakongwe wa LUKU, mita zetu za kulipia kabla, mnakumbuka: kabla ya Aprili 2016 mteja wa T1, yaani tarifa ya kawaida, alikuwa anakatwa shilingi 5,520 kila mwezi. Ukinunua umeme wa 10,000 mwanzo wa mwezi, zaidi ya nusu imeliwa. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, wakaifuta, tukashukuru Mungu.

Ikarudi kwa mlango wa nyuma. Kuanzia 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, tangu 2023 ni 1,500. Nyumba yetu ina wapangaji wanne, mita moja, tarifa ya kawaida. Uniti moja pamoja na VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA inafika kama shilingi 356. Ukinunua 2,000 kodi ikiwa imeshakatwa unapata uniti 5.6. Ukiwa wa kwanza kununua mwezi ukiingia, 1,500 inaondoka, 500 iliyobaki inakupa uniti 1.4. Ukipiga pasi rundo la nguo umeisha.

Na usiponunua miezi mitatu haisamehewi. Inakusubiri 4,500, kama hiyo gesi yako dada.

Msomaji

LUKU ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Naomba kuelimishwa, jengo linatumiaje umeme?

Mpangaji (Mbagala)

Hahaha. Na jengo lenyewe si langu.

Mchangiaji (Kisumu)

Wabongo na nyinyi wa ng'ambo, sikizeni yaliyotupata Kenya kabla hamjashangilia ada kufutwa.

Hadi 2018 kila nyumba ilitozwa shilingi 150 kwa mwezi, utumie stima usitumie. Watu walilalamika vilevile mnavyolalamika. Lakini uniti 50 za kwanza zilikuwa shilingi 2.50 tu kila moja. 2018 Tume ya Kudhibiti Kawi ikaiondoa ile 150 na watu wakapiga makofi. Kisha tukaona bei mpya: ukitumia hadi uniti 10 kwa mwezi, unalipa 12 kwa uniti. Ukizidi hapo, 15.80.

Chukua nyumba ya mama mboga, balbu tatu, redio, kuchaji simu, televisheni ndogo. Tuseme uniti 30. Zamani: 150 na 75, jumla 225. Baada ya kuondolewa mzigo: 30 mara 15.80, yaani 474. Hapo sijaweka gharama ya mafuta na kodi nyingine ambazo hukaa chini ya risiti. Kelele zikawa nyingi mpaka Novemba mwaka huohuo wakapanua kiwango cha wanyonge, hadi uniti 100 kwa shilingi 10 kila moja. Mama mboga akashuka hadi 300. Bado ni zaidi ya ile 225 aliyokuwa akiilalamikia.

Kwa hivyo mtu akikuambia anakuondolea ada, muulize anaipeleka wapi.

Mhasibu (Reading)

Kaka wa Kisumu umemaliza kila kitu. Hizo hesabu zibandikwe ukutani.

Fundi wa laini (Njombe)

Nimepanda nguzo miaka kumi na minne, niseme kidogo.

Kijijini mteja anavuta umeme kwa 27,000. Mjini ni 320,960. Hiyo 27,000 hainunui hata sehemu ya nguzo, achilia mbali waya, kikombe cha kushikia waya, mita na dizeli ya gari letu. Mteja mwenyewe ana balbu mbili na simu, yuko D1, tarifa ya watumiaji wadogo, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Mwezi mzima ananunua umeme wa 1,000, anapata uniti kama 8. Mvua za masika zikiangusha mti kwenye laini yake tunakwenda watu watano, siku nzima, kupigania uniti 8.

Sisemi akatwe ada. Ukimkata huyo 5,520 anarudi kwenye kibatari kesho yake. Nasema tu gharama ipo na kuna mtu anailipa. Kwetu anayeilipa ni mteja wa mjini na serikali. Tumekubaliana hivyo kimyakimya, na mimi naona ni sawa, kwa sababu hata mjini kuna siku umeme ulikuwa haujafika na mtu mwingine aligharimia.

Ila kodi ya jengo kwenye mita, hapo mnatuonea sisi. Mtu akikatwa anatukana shirika letu la umeme, TANESCO, na sisi ndio tuko mlangoni kwake na ngazi.

Mleta mada (Leicester)

Nimewasoma wote. Wa Liverpool, samahani, baba mkwe wako sikumfikiria kabisa. Niliwaza matajiri wenye bwawa la kuogelea la maji moto, sikuwaza godoro la hewa. Na zile hesabu za Kisumu nimezirudia kwa kalamu, ziko sawa.

Basi narekebisha hoja, siifuti. Tuseme ada ya waya ibaki. Mhasibu, nijibu haya mawili.

La kwanza, kampuni zilizoanguka. Hizo si nguzo wala transfoma. Ni watu waliouza umeme kwa bei ambayo hawakuwa wamejikinga nayo, biashara ikawashinda. Kwa nini deni lao ligawanywe kwa vichwa, sawa kwa sawa, mimi na mwenye Cornwall? Ni kama kodi ya jengo ya Mbagala: mzigo usio wa umeme umetafutiwa mgongo, na mgongo uliopatikana ni mita, kwa sababu mita hakuna anayeweza kuikimbia.

La pili ndilo linaloniuma. Wewe unalipa kwa benki. Kwako ada ni mstari kwenye karatasi, ukichelewa unaandikiwa barua. Kwangu ada ni giza. Nikiwa chini ya sifuri, hela ya kwanza nitakayotia inakwenda kwenye siku zilizopita. Usiku ule nilivuka barabara hadi duka la kona, nikatia paundi 10 kwenye ufunguo. Ziliposomwa zikabaki 4 na kitu. Gesi nikaiacha mpaka mshahara, nikaogea maji ya birika. Kuna wenzangu kwenye jengo hili kiangazi hawagusi gesi kabisa ili kubana matumizi, Oktoba baridi ikianza wanakuta deni la miezi minne limekaa mbele ya joto.

Hata kama ada ni halali, isikusanyike kwenye mita iliyozima. Basi.

Mhasibu (Reading)

La kwanza nakubali. Deni la kampuni zilizokufa halina uhusiano na waya, na mimi ningelipeleka kwenye kodi ya serikali ambako anayepata zaidi analipa zaidi.

La pili nakubali nusu. Ada isipokusanyika kwenye mita iliyozima, mwenye Cornwall naye ataomba mita ya kulipia kabla.

Mleta mada (Leicester)

Mwenye Cornwall asimame foleni duka la kona na ufunguo wa plastiki? Nitalipa nauli nikamwone.

Mchangiaji (Liverpool)

Mmesahau lile la Ofgem, mdhibiti wa nishati wa Uingereza. Walipouliza umma kuhusu ada hizi mwishoni mwa 2023 walipata majibu zaidi ya 30,000, na Februari 2025 wakaleta wazo la kumpa mteja hiari: ubaki na ada, au uchukue mpango usio na ada ila uniti ghali zaidi. Kila mtu achague linalomfaa. Mimi nitabaki na ada yangu, mleta mada achukue uniti ghali, tuache kugombana.

Mhasibu (Reading)

Hiari nzuri kwa mwenye muda wa kukaa na kikokotoo. Bibi yule wa chumba kimoja atabaki alipo, kwa sababu barua imekuja kwa Kiingereza cha bili. Na wenye Cornwall wote watahama siku ya kwanza.

Mchangiaji (Kisumu)

Na kwa siri bei ya uniti itapanda tena kufidia waliohama. Nishaiona hii sinema.

Msomaji

Mpangaji wa Mbagala, hiyo 1,500 mnagawanaje watu wanne? Si ni ya mwenye nyumba kisheria?

Mpangaji (Mbagala)

Kisheria ni yake, mkuu. Ukimwambia akate kwenye kodi ya chumba anakujibu vyumba viko vingi Mbagala.

Kugawana tulijaribu, ikashindikana mwezi wa pili. Sasa hivi ni kuviziana. Tarehe 30 na 31 kila mtu ananunua kidogo kidogo, tarehe 1 hakuna mtu ana hela. Mmoja simu imezima. Mwingine mtandao unamsumbua. Mwezi huu ulivyoingia umeme ulikatika saa mbili usiku tukakaa barazani, wapangaji wanne, simu nne zenye hela, kila mmoja anamsikilizia mwenzake. Mbu wanatumaliza na tunapiga stori kama hakuna kitu.

Saa nne akanunua mama wa chumba cha nyuma. Anauza barafu za ubuyu kwa watoto wa shule, friji lake likilala bila umeme asubuhi hana biashara. Akatia 3,000, akasimama kwenye mita akibonyeza tokeni tarakimu kwa tarakimu, mtoto anammulikia. Taa zikawaka nyumba nzima, tukasema "asante mama", kila mtu akaingia kwake akawasha feni.

Mwenye nyumba anakaa Kigamboni.