Usiku wa nyimbo za asili mkahawani: ratiba, sauti na kahawa mnavipangaje?

Jembe_la_Kaunta
Wakuu, habari za jioni. Mkahawa unaendeshwa na watu wa kujitolea tupu, hakuna anayelipwa. Kuna mpango wa mkusanyiko wa nyimbo za asili mara moja kwa mwezi, saa 1 hadi saa 4 usiku. Viti ni 50, jukwaa ni zulia tu, na kaunta ya kahawa imo humo humo ukumbini. Vifaa vilivyopo: spika mbili, mikseri ndogo, maiki nne. Naomba mwenye uzoefu anisaidie: waimbaji wangapi watoshee, spika zikae wapi ili zisipige mluzi, na kahawa iandaliwe vipi bila kuua wimbo wa mtu?

Mshika_Daftari
Mkuu, usianze na spika, anza na saa. Una dakika 180. Toa 25 za mapumziko na 15 za kufungia, zinabaki 140, yaani vipande viwili vya dakika 70. Kila mwimbaji mhesabie dakika 10. Nyimbo mbili zinakula 7 au 8, na zinazobaki ni za kupanda, kukaa sawa na kushuka. Unapata watu 14, basi. Anayeandikisha 20 ajue sita wa mwisho wataviimbia viti. Ukialika mgeni maalumu wa nusu saa, ameshachukua nafasi tatu.

Kosa linalojirudia ni kuandika "nyimbo mbili" bila kutaja dakika. Nyimbo za masimulizi zina beti nyingi, mmoja unaweza kumaliza dakika 9 peke yake. Kwenye daftari andika: nyimbo 2 au dakika 8, kitakachotangulia. Mshereheshaji awe na saa mkononi, akae mahali mwimbaji anamwona, na ishara ya dakika moja kubaki wakubaliane kabla, si kupungiana mikono katikati ya ubeti.

Daftari lifunguliwe mlangoni nusu saa kabla, na nafasi mbili ziachwe wazi kwa ajili ya wageni wa siku hiyo. Zikijazwa zote kwa simu wiki nzima kabla, baada ya miezi michache utabaki na watu wale wale. Mgeni usimweke wa kwanza, ukumbi unakuwa haujatulia. Wala wa mwisho, waliomsindikiza watakuwa wameondoka. Wa tatu au wa nne ndiyo mahali pake.

Kukaza nyuzi kusifanyike jukwaani. Anayefuata akae kiti cha pembeni na chombo mkononi, na anayemfuata yeye awe nje ya mlango anakaza kwa kile kipimo cha kubana kwenye kichwa cha gita. Kinahisi mtetemo wa mbao, kwa hiyo kinafanya kazi hata palipo na kelele.

Fundi_Waya
Kuhusu mluzi: sauti ya spika inarudi ndani ya maiki, inakuzwa, inatoka tena, inazunguka. Dawa ya kwanza ni mpangilio, vitufe baadaye. Spika zikae mbele ya mstari wa maiki, zimeelekea watu, zimeinuliwa juu ya vichwa vya waliokaa. Maiki za kawaida za kuimbia hazisikii vizuri kwa nyuma, basi mgongo wake ndio uelekee spika ya mwimbaji, ile inayomsikilizisha sauti yake mwenyewe, kama unaitumia. Kwa viti 50 mimi nisingeiweka kabisa.

Dawa ya pili ni umbali. Mdomo ukisogea kutoka sentimita 30 hadi 15, maiki inapata desibeli 6 za ziada bila kugusa mikseri. Ukiongeza sauti kwenye mikseri badala ya kumsogeza mtu, unaongeza na mluzi. Na kila ukizidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi, unapoteza kama desibeli 3 za nafasi yako ya usalama kabla ya mluzi. Maiki isiyotumika izimwe. Mwimbaji asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja. Akikifunika, maiki inaanza kusikia pande zote, na mluzi unafuata papo hapo.

Kwenye mikseri, kata sauti za chini ya hezi 100 kwa kila maiki ya kuimbia. Hapo hamna kitu cha maana zaidi ya hatua za miguu na pumzi. Gita lisilo la umeme lielekezewe maiki pale shingo inapokutana na mwili, kama freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo), umbali wa sentimita 20 hadi 30. Ukilielekeza kwenye tundu utapata mvumo mzito usioisha. Zeze na vyombo vingine vya sauti nyembamba vinahitaji maiki karibu zaidi. Ngoma haihitaji chochote kwenye chumba hicho.

Mvumo wa umeme ni habari nyingine. Mikseri na spika zikichomekwa kwenye soketi za pande tofauti za ukumbi, tofauti ya waya wa ardhi inaleta ule mngurumo usiokatika. Chomeka vyote kwenye soketi moja kwa waya wa kuongezea. Kuna watu wanaukata mguu wa ardhi kwenye plagi ili mngurumo ukome. Unakoma kweli, na siku kifaa kikivujisha umeme, maiki ndiyo itakayompiga mtu mdomoni. Usithubutu.

Sauti_Kavu
Fundi kaeleza vizuri, lakini mimi nasema spika ziachwe stoo. Viti 50 vipangwe nusu duara, safu zisizidi nne, na wa mbali kabisa atakuwa ndani ya mita 7 au 8 kutoka kwa mwimbaji. Hapo sauti ya binadamu na gita vinafika bila msaada. Kinachozuia kusikika ni friji, feni na mashine ya kusagia. Palipo na spika watu wananong'ona, kwa sababu wanajua wataendelea kusikia. Pasipo na spika wananyamaza wenyewe. Halafu kiitikio kinachotoka midomo 50 bila waya hakina mfano.

Mtu mwenye sauti ndogo sana asogee hatua mbili mbele ya zulia, usimwongezee maiki.

Fundi_Waya
Kwa sauti moja na gita nakubali. Likija kundi lenye ngoma mbili na mwimbaji mmoja, ukikosa maiki ya mwimbaji hutasikia neno hata moja. Maiki moja iwe tayari, imezimwa.

Maji_Moto
Nije kaunta. Kwa watu 50, kadiria kikombe kimoja na nusu kwa kila mtu, vikombe 75 vya mililita 180, kama lita 13 na nusu. Kipimo ni gramu 60 za kahawa kwa lita ya maji. Unga unafyonza maji karibu mara mbili ya uzito wake, hivyo ukitia lita 15 na gramu 900, unapata lita 13 na kidogo. Maji yawe nyuzi 92 hadi 96. Yakichemka, subiri nusu dakika.

Usipike zote mara moja. Nusu ya kwanza kabla mlango haujafunguliwa, nusu ya pili ianze dakika 20 kabla ya mapumziko, na zote ziingie kwenye chupa za chai. Kahawa ikikaa juu ya moto, baada ya nusu saa imeshakuwa chungu na inanuka kuungua. Ndani ya chupa inakwenda saa nzima ikiwa bado nzuri. Chupa ina faida nyingine: mtu anajimiminia mwenyewe kimya, huhitaji mhudumu wa kuuliza "sukari ngapi?" katikati ya wimbo.

Kusaga kuishe kabla ya saa 1. Harufu itapungua kidogo, ndiyo, lakini mashine ya kusagia inaua ubeti mzima. Vikombe vichafu viwekwe kwenye beseni lenye taulo chini, visioshwe hadi mapumziko. Chupa moja iwe ya kinywaji kisicho na kafeini, maana baada ya saa 3 wengi hawataki kahawa.

Na kwa faida ya Fundi: birika la umeme la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 9. Mabirika mawili kwenye laini moja ni 17 na zaidi, breka ya 16 inaweza kuanguka. Na spika zikiwa kwenye laini hiyo hiyo, ukumbi wote unanyamaza pamoja nazo.

Jembe_la_Kaunta
Nashukuru sana, wakuu. Mawili yamebaki. Kuna wanaotaka duara badala ya jukwaa, kila mtu aimbe pale alipokaa. Na nyimbo za watunzi walio hai zinahitaji kibali?

Mshika_Daftari
Duara ni zuri, ila hesabu yake ni kali: wimbo mmoja na maneno kidogo ni dakika 5, watu 20 ni dakika 100 kwa mzunguko mmoja tu. Wakizidi hapo, gawa vyumba viwili vyenye mlango kati. Kila anayefikiwa achague kati ya matatu: kuimba, kuomba wimbo wa mwingine, au kusema "pita". Bila hiyo "pita" waoga hawarudi mwezi ujao.

Anayeanzisha aimbe kiitikio mara mbili peke yake kabla ya ubeti wa kwanza, watu wakishike. Wimbo wa kundi mchanganyiko ubaki kati ya A na D ya oktavu inayofuata, yaani oktavu moja na noti tatu. Ukipanda zaidi nusu ya duara inaacha kuimba. Pakiwa na marimba, kodiani au filimbi, hizo hazibadiliki. Wa nyuzi ndio wanaozifuata. Mpiga gita aliyezoea G akabana kapo (kile kibano cha nyuzi) freti ya 2, anakuwa kwenye A na vidole vyake vile vile.

Kuhusu kibali: wimbo wa asili usio na mtunzi anayejulikana mara nyingi hauna mwenyewe, lakini mpangilio mpya wa mtu juu ya wimbo huo unaweza kulindwa. Mkataba wa Berne unaweka ulinzi usiopungua miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, na nchi nyingi zimezidisha. Mara nyingi anayewajibika ni mwenye ukumbi au mwandaaji, si mwimbaji, kwa hiyo uliza mapema kwenye chama cha hakimiliki cha nchi yako kama ada inahusu na mikusanyiko isiyo ya faida. Kwenye daftari lile lile ongeza safu mbili: jina la wimbo na mtunzi. Mwimbaji azijaze wakati wa kujiandikisha, kwa sababu usiku ukishaisha hakuna anayekumbuka.

Maji_Moto
Zamu pia: mshereheshaji, wa sauti, wa mlangoni na daftari, wawili kaunta, mmoja vyombo, mmoja viti. Saba. Kapu la michango lihesabiwe na watu wawili kabla ya viti kukusanywa, kiasi kiandikwe na wote wasaini. Wa kaunta anayetaka kuimba apangwe kipande cha pili, baada ya kupokelewa zamu. Na ufunguo wa mlango uwe kwa watu wawili wasiopanda gari moja.