Punje za kahawia kwenye shina la maharage: zinaishije udongoni?

Mkulima wa Kabare
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Kabare, karibu na Bukavu. Msimu huu maharage yangu mengi yamenyauka yakiwa bado machanga. Nilipong'oa miche iliyonyauka, nilikuta utando mweupe umezingira shina pale linapotoka ardhini, na juu yake punje za mviringo za kahawia, zenye ukubwa wa mbegu za kabichi. Jirani yangu anasema ni mayai ya wadudu. Shamba hilo nililipumzisha mwaka mzima kwa sababu ya ugonjwa huohuo, likaota majani tu. Ikiwa ni kuvu, imeishije bila maharage ya kula?

Agronomu wa Ibanda
Ndugu mkulima, dalili ulizozieleza zinalingana na kuvu iitwayo Sclerotium rolfsii, ambayo Peter Henry Rolfs aliichunguza kwenye nyanya huko Florida mwaka 1892. Hizo punje si mayai. Zinaitwa sklerotia, nazo ni nyuzi za kuvu zilizosukwa na kushikamana hadi zikawa kitu kigumu. Ganda lake la nje lina melanini, yaani rangi ya giza ambayo huzikinga dhidi ya jua, ukavu na vijidudu vya udongoni, na ndani yake kuna akiba ya mafuta, protini na sukari iliyohifadhiwa. Kwa kuwa zikilala hutumia akiba hiyo kidogo sana, zinaweza kukaa udongoni miaka kadhaa. Mwaka mmoja hauzitishi.

Tena, shamba lililoota majani halikuwa limepumzika kwa maana inayotufaa sisi, kwa sababu kuvu hii hushambulia aina zaidi ya 500 za mimea, na magugu mengi yamo. Majani yanapooza hutoa hewa yenye methanoli, aina ya alkoholi, na hewa hiyo, hasa punje zikiwa zimekauka kisha zikapata mvua, huziamsha. Punje iliyoamka kwa nguvu hutumia akiba yake yote mara moja kutoa nyuzi, ambazo humwaga asidi ya oksaliki na kuua ngozi ya shina kabla hazijaingia ndani.

Mama wa Bagira
Asante kwa maelezo. Mimi huwasha moto juu ya shamba baada ya mavuno, nikiamini kwamba joto linaua kila kitu. Je, hilo halitoshi?

Agronomu wa Ibanda
Mama, joto linaziua kweli: kwenye nyuzi 50 za Selsiasi sklerotia za kuvu hii hufa baada ya saa chache. Lakini moto wa majani makavu hupita haraka na kuchoma zile za juu tu, huku ukituondolea mboji ambayo udongo wa milima yetu unaihitaji sana. Ningeshauri kuzinyima hewa, kwa maana zikifukiwa kina cha sentimita 20 au zaidi haziamki vizuri. Ndugu yetu wa Kabare alime kwa kuupindua udongo, masalia yote yafunikwe, kisha msimu unaofuata alime juujuu ili asizirudishe. Apande mahindi au mtama, ambayo hayashambuliwi sana, na apalilie kwa bidii. Miche iliyonyauka aing'oe pamoja na udongo unaoizunguka, wala asiitupe kwenye shimo la mbolea. Shamba likiwa kwenye mteremko, achimbe mfereji wa kukinga maji, kwani mvua hubeba punje hizo hadi kwa walio chini.

Mkulima wa Kabare
Nimeelewa, ndugu. Shamba la jirani yangu liko chini ya langu, kwa hiyo nitaanza na mfereji kesho kabla mvua haijazidi. Je, jembe nalo linaweza kuzihamisha?

Agronomu wa Ibanda
Ndiyo, tope likiganda kwenye jembe au kwenye viatu punje husafiri nalo. Lioshe palepale kabla hujaingia shamba jingine.