Ubao, programu au kuongeza waongozaji: kipi kitapunguza upotevu kwenye utalii wetu wa mtaani?

Mwana_Kunduchi: Wakuu, habari za leo. Kikundi chetu kinatembeza wageni kwenye magofu ya Kunduchi, wanakula kwa akina mama, kisha boti kwenda kisiwa cha Mbudya. Wageni wapo, kinachotuumiza ni kusubiri. Mgeni anafika, nahodha hana habari, tozo ya hifadhi haijalipwa, samaki bado yuko sokoni. Siku nyingine mama kapikia kundi zima wanakuja nusu. Hela yetu inatosha jambo moja: (1) mfumo wa Toyota wa kuondoa upotevu, yaani ubao, kadi na mpangilio wa vifaa, (2) programu ya kupokea oda, (3) waongozaji zaidi. Mngeanza na lipi?

Fundi_Ratiba: La kwanza, mkuu. Taiichi Ohno wa Toyota alitaja aina saba za upotevu, na wewe hapo umeshataja mbili: kusubiri, na kuzalisha kupita mahitaji. Dawa yake ilikuwa kadi: hatua ya nyuma haianzi kazi mpaka ya mbele iiite. Kwa hiyo mama asibandike sufuria mpaka apate kadi ya mgeni aliyethibitisha: idadi, saa, asichokula. Ubaoni weka safu tatu tu: ameuliza, amethibitisha, amelipa. Na andikeni saa ujumbe ulipoingia, saa mliyojibu na saa boti ilipoondoka. Bila hizo mtabishana kwa hisia.

BintiMwenge: Mimi nachagua programu. Wageni wa warsha yetu ya vinyago wanauliza usiku wakiwa Ulaya, na ubao wa ukutani hawauoni. Ukijibu asubuhi, wengine wameshapata pengine.

Fundi_Ratiba: Hoja yako ina uzito, dada. Ila kwa Kunduchi programu itaharakisha oda halafu zikwame jikoni kulekule. Kwa maswali ya usiku, majibu ya kujiendesha ya WhatsApp Business yanatosha kuanzia, na hayana malipo.

Nesi_Temeke: Hospitalini 5S, yaani hatua tano za kupanga na kusafisha mahali pa kazi, tunaijua, Wizara ya Afya iliileta kwa ushirikiano na JICA, shirika la maendeleo la Japani. Panapolegea ni pale watu wanapopanga vitu kwa ajili ya mkaguzi. Chora ukutani umbo la kila jaketi la kujiokolea, likikosekana moja kila mtu analiona kabla boti haijaondoka.

Mzee_wa_Pwani: Wanangu, hayo ni mazuri, lakini msije mkakata watu. Manahodha wawili kupeana zamu si upotevu, ndivyo kikundi kinavyogawana riziki. Na mgeni akikaa na mama kwenye mbuzi, akajifunza kukuna nazi mpaka mkono uchoke, huko siko kusubiri. Hicho ndicho alicholipia. Punguzeni muda wa yeye kukaa juani bila kujua nahodha yuko wapi.

Nesi_Temeke: Mzee kanena. Namba 3 naiondoa kabisa: mwongozaji wa ziada atasubiri boti ileile.

Mwana_Kunduchi: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Tunaanza na ubao na kadi, zamu zinabaki. Swali moja: maji yakipwa, kupakia wageni kunakuwa shida. Hilo nalo liende ubaoni?

Mzee_wa_Pwani: Marahaba. Liandikwe juu kabisa, kabla ya majina ya wageni. Maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya boti haiwezi kuwa ileile wiki nzima. Pangeni maji kwanza, chakula kifuate.