Kikundi cha simu cha familia ya Nkambo (bibi) Mwamba: barua ya Neema

Jumamosi, Juni 14, 2025

Mama Furaha: Jambo yenu wote. Huku Dayton, Marekani, ni asubuhi. Neema amemaliza sekondari, mnajua. Chuo kimemkubali asomee uuguzi, na jana barua ya chuo ya msaada wa pesa imefika. Naomba wakubwa mtusaidie kuwaza kabla hatujatia sahihi popote.

Mama Furaha: 📷 Picha ya barua

Mama Mkubwa Ngoie: Mungu ni muzuri! Mutoto aliyezaliwa Meheba, kambi ya wakimbizi ya Zambia, leo anaingia inivasite! Nimemuonyesha Nkambo, amepiga vigelegele mpaka majirani wa hapa Katuba, Lubumbashi, wamekuja kuuliza kuna nini.

Baba Mkubwa Ilunga: Hongera, mwanangu Neema. Ni heshima ya ukoo mzima. Lakini nimevaa miwani, nimesoma. Juu wameandika gharama ya mwaka dola 27,500. Chini wameandika mnabaki kulipa sifuri. Nani anatoa pesa kama hiyo hivihivi? Kama ndani yake kuna deni, tuliite deni. Parseli (kiwanja) ya Kisanga ilikwenda kwa banki lambert, wale wakopeshaji wa mtaani, sababu ya minervali (ada ya shule). Sitaki turudie.

Mama Furaha: Ndiyo hofu yangu, shemeji.

Kyungu: Hongera Neema!! 🎉 Yaya (mkubwa wangu) Amani yuko wapi? Yeye ndiye amepitia hizi.

Amani: Niko kazini, natoka saa sita za huku. Shangazi Furaha, usisaini kitu kwanza.

Amani: Nimerudi. Baba Ilunga ameona sawasawa. Hiyo sifuri haina maana kwamba hakuna cha kulipa. Wamepanga zawadi, mshahara na deni katika safu moja, ndiyo maana hesabu imefunga.

Amani: Zawadi ni mistari mitatu ya juu. Pell Grant, msaada wa serikali kuu, 7,395, hicho ndicho kiwango chake cha juu kabisa kwa mwaka 2025-2026. Msaada wa jimbo 4,000. Msaada wa chuo chenyewe 3,000. Jumla 14,395. Hizi hazirudishwi, mradi Neema asiache masomo katikati ya muhula. Akiacha mapema, sehemu inadaiwa.

Amani: 2,500 za kazi ya chuo si pesa iliyo mkononi. Ni nafasi ya kutafuta kazi palepale chuoni, maktaba au jikoni, ulipwe kwa saa. Siku ya kulipa bili hazisaidii kitu.

Baba Mkubwa Ilunga: Na 10,605 zilizobaki?

Amani: Deni, Baba. Lakini madeni matatu yenye tabia tofauti, na hapo ndipo watu wengi wa kwetu wanaumia, maana wanabonyeza "nakubali" kwa yote mara moja.

Amani: 3,500 ni mkopo wenye ruzuku. Muda wote Neema anasoma, angalau nusu ya mzigo wa masomo, riba inalipwa na serikali. 2,000 ni mkopo usio na ruzuku, riba inaanza kupanda siku pesa inapotoka. Yote miwili ni ya serikali, haiulizi historia ya madeni ya mtu wala mdhamini, na anaanza kuirudisha miezi 6 baada ya kumaliza. Riba ya mikopo itakayotolewa kuanzia Julai 1 ni 6.39 kwa mia kwa mwaka, na haibadiliki mpaka mwisho. Kwa 2,000 ni kama dola 128 kila mwaka. Akisoma miaka minne bila kugusa, 511 zimeshapanda juu.

Baba Mkubwa Ilunga: 6 kwa mia kwa MWAKA? Banki lambert hapa Lubumbashi inataka nusu ya pesa juu, kwa mwezi.

Amani: Ndiyo maana mkopo wa serikali siuogopi sana. Ninaouogopa ni mstari wa mwisho. Parent PLUS, mkopo wa mzazi, 5,105.

Amani: Huo si wa Neema. Ni wa Shangazi Furaha, kwa jina lake, na haurithishwi kwa mtoto hata akipata kazi nzuri namna gani. Riba ni 8.94 kwa mia. Tena kabla pesa haijafika chuoni wanakata ada ya zaidi ya 4 kwa mia. Wanachoangalia ni kama mzazi ana historia mbaya ya madeni. Hawaangalii kama mshahara wake unaweza kuubeba. Na ukichukua mwaka huu, mwaka wa pili utahitaji mwingine, na wa tatu, na wa nne. Shangazi anasimama kiwandani usiku mzima, magoti yake nayajua. Sitaki afike miaka 60 analipa hosteli.

Mama Furaha: Nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa kusaini. Nimeufunga.

Mama Mkubwa Ngoie: Aksanti Amani. Sasa mutoto asome na nini?

Neema: Naomba niseme. Mama, nisikae hosteli. Nimeangalia ukurasa wa pili wa barua. Ile 27,500 ni makadirio ya kila kitu: masomo na ada 12,400, chumba na chakula 11,600, vitabu, usafiri na mengine 3,500. Chuo kinadai masomo tu kama silali kwao. Basi linapita karibu na nyumba yetu.

Amani: Huyu ameona jambo lenyewe. Zawadi 14,395, bili 12,400. Angalieni.

Kyungu: Ooooh. Inabaki 1,995!

Amani: Polepole. Neema, usiseme utalala nyumbani halafu ukadhani barua itabaki vilevile. Ukibadilisha makazi, chuo kinapiga upya hesabu ya gharama yako na kinaweza kupunguza msaada wake wa 3,000. Pell ukisoma kwa muda wote haitaguswa. Jumatatu piga simu ofisi ya msaada wa fedha, uliza hivi: nikikaa na mzazi, msaada wangu wa chuo unakuwa ngapi? Omba wakuandikie. Maneno ya simu yanapotea.

Mama Furaha: Kuna mama mmoja kanisani ameniambia kuna chuo cha jamii cha miaka miwili, mtu anatoka muuguzi. Nilimjibu binti yangu amekubaliwa chuo kikuu. Lakini usiku sikulala vizuri.

Mama Mkubwa Ngoie: Miaka miwili ni muuguzi kweli ama ni musaidizi?

Amani: Muuguzi kweli, Shangazi. Wa miaka miwili na wa miaka minne wanafanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX. Ada ya vyuo hivyo mara nyingi iko chini ya Pell, kwa hiyo wengi wanamaliza bila deni. Digrii wanaiongeza baadaye wakiwa kazini. Si njia ya aibu hata kidogo.

Neema: Niliuliza pale. Nafasi za uuguzi ni chache, unasoma masomo ya msingi kwanza halafu unangoja zamu. Kama hiki cha karibu kinawezekana bila Mama kuchukua PLUS, napenda hiki. Kisipowezekana nitaenda kule, na moyo wangu mweupe.

Baba Mkubwa Ilunga: Umesema kama mtu mzima.

Kyungu: Yaya Amani, swali langu pembeni. Hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kuna mtu ametutumia ujumbe kwenye kikundi cha promosyoni (darasa) yetu. Anasema anaweza kutufanyia FAFSA tukiwa hapahapa, tupate mkopo wa Marekani. Anataka dola 80 za dosye (faili la maombi) kwa simu. Wenzangu wawili wamekwisha kutuma.

Amani: Kyungu usitume hata franka moja. FAFSA ni fomu ya serikali ya Marekani, inajazwa bure kwenye studentaid.gov, hakuna dosye ya kulipia. Na ni ya raia wa Marekani na wachache wasio raia waliokubaliwa na sheria, kama Neema na mama yake wenye kadi ya ukaaji. Mwanafunzi aliye Lubumbashi na pasipoti ya Congo hapati, hata akilipa 800. Waambie wenzako leo hii.

Kyungu: Nimeelewa. Naandika kwenye kikundi sasa hivi. Inauma, maana mmoja alitoa pesa ya tranche (awamu) yake ya pili ya ada.

Amani: Pole sana. Ukitaka kweli kusoma huku, anza na EducationUSA, ni huduma ya serikali yao na ushauri wake ni bure. Utafute vyuo vinavyotoa burse (ufadhili) kwa wageni. Njia ni nyembamba, lakini ipo.

Baba Mkubwa Ilunga: Kyungu, uje nyumbani jioni, unionyeshe namba ya huyo mtu.

Mama Mkubwa Ngoie: 🎤 Sauti, 1:42

Neema: Kwa wasioweza kusikiliza: Mama Mkubwa anasema pesa ya kodi ya Nkambo na dawa zake, ambayo Mama anatuma kila mwezi, wataichukua wao kuanzia Julai. Zamu yake ya likelemba (upatu) na wamama wa Soko la Kenya, palepale Lubumbashi, ni mwezi wa nane, na Baba Mkubwa ataongeza. Nkambo naye anaongea hapo mwisho. Anasema Mama asiuawe na aibu, yeye anataka kuona mutoto amevaa nguo nyeupe.

Mama Furaha: Yaya, mimi sijui niseme nini.

Mama Mkubwa Ngoie: Usiseme kitu. Ulitubeba miaka ile ya mavuno mabaya. Peleka mutoto shule.

Jumatatu, Juni 16, 2025

Neema: Ofisi imejibu kwa barua pepe. Nikikaa nyumbani, msaada wa chuo unashuka kutoka 3,000 hadi 2,000. Pell na jimbo vinabaki.

Amani: Basi zawadi 13,395, bili 12,400. Zimebaki 995 za vitabu, sare na basi. Hazitoshi mwaka mzima. Chukua mkopo wenye ruzuku, lakini si wote. Una haki ya kuomba pungufu. Kazi ya chuo ikubali, itakuletea hela ya wiki.

Neema: 1,500?

Amani: 1,500 inafaa. Ada yake ni 1.057 kwa mia, kwa hiyo itaingia kama 1,484, nusu muhula wa kwanza, nusu wa pili. Utafanya mafunzo ya mkopaji mpya kwenye studentaid.gov, halafu utasaini hati ya ahadi ya kulipa. Isome yote. Na FAFSA inajazwa upya kila mwaka, Shangazi pia anaingia kwa akaunti yake mwenyewe.

Baba Mkubwa Ilunga: Hati hiyo, Neema, usisaini usiku ukiwa na usingizi. Saini mchana, mama yako akiwa karibu.

Neema: Ndiyo Baba Mkubwa. Tumekaa pamoja mezani sasa hivi. Mkopo wenye ruzuku, nimeandika 1,500. Usio na ruzuku, nimekataa. Kazi ya chuo, nimekubali. PLUS, Mama amekataa kwa mkono wake.

Mama Furaha: Nimekataa.

Neema: Bili mpya itatoka Julai.

Baba Mkubwa Ilunga: Ikitoka, iweke hapa tuisome wote.