Skrini ya bluu kila nikicheza gemu: i5-10600K niliyoipandisha hadi GHz 5.0

MwanaUyole
Wakuu, naombeni msaada. Kompyuta yangu inaleta skrini ya bluu kama nusu saa hivi baada ya kuanza gemu. Prosesa ni Core i5-10600K, nimeipandisha hadi GHz 5.0 kwa kori zote (vitengo vya kazi ndani ya prosesa), volti 1.28. RAM ni GB 16 za DDR4, XMP (mpangilio unaozipa RAM kasi ya juu) nimewasha, zinakimbia 3200. Mara nyingi inaandika WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, mara mojamoja CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT. Nimeshapiga Windows upya, wapi. Mashine hii hii ndiyo nahariria video za harusi, na mwisho wa mwezi nina kazi ya watu Mwanjelwa.

Tukuyu_Kwetu
Joto hilo mkuu. Fungua kesi, puliza vumbi, badilisha pesti ya prosesa.

MwanaUyole
Nimepima mkuu, kwenye gemu haivuki nyuzi 74. Na baridi ya Uyole mwezi huu wa saba unaijua.

fundi_Gangilonga
Kamwene. Kwa nyuzi 74 joto tuliache, prosesa hiyo hujipunguza kasi yenyewe ikikaribia 100.

Maneno hayo mawili yanasema mengi. WHEA ni maunzi kuripoti kosa ambalo hayakuweza kulisahihisha. CLOCK_WATCHDOG ni kori moja kukaa kimya huku nyingine zinaisubiri. Yakija yote mawili kwenye mashine iliyopandishwa kasi, mimi naangalia volti za prosesa kwanza. Unaidai GHz 5.0 lakini umeme hauitoshi, hasa mzigo ukiingia ghafla, maana volti ulizoandika kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) hushuka kidogo prosesa inapovuta ampea nyingi. Ingekuwa RAM, maandishi kwa kawaida yangebadilikabadilika: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, na programu zingejifunga hovyo.

Ila kabla ya yote, nakuomba sana ndugu yangu: rudisha BIOS ilivyotoka kiwandani, XMP nayo zima, halafu nakili video zote za harusi kwenye diski ya nje. Mashine isiyotulia inaweza kuandika faili bovu bila kukuambia, na harusi ya mtu hairekodiwi mara ya pili.

Cheza hivyo kwanza. Bluu ikiendelea, tatizo liko kwingine. Ikikoma, washa XMP peke yake (Intel iliipangia prosesa hii RAM za 2666, kwa hiyo 3200 nako ni kupandisha kasi) kisha acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikeshe. Kosa hata moja halikubaliki. Ikipita, ndipo uiguse prosesa, sasa 4.8. Ukiitaka 5.0, ongeza volti 0.01 kila hatua huku jicho liko kwenye joto, lakini mimi nisingeng'ang'ania. Bila kuguswa kori zote zinafika 4.5 tayari, na tofauti ya 4.8 na 5.0 kwenye gemu hutaiona kwa macho.

Kila hatua, fungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows) utafute WHEA-Logger. Onyo likiwemo, hata kama bluu haijaja, bado haijatulia.

Makambako_Njiapanda
Na umeme wa ukutani je? Kwetu jioni unashuka mpaka taa zinafifia.

fundi_Gangilonga
Umeme ukikatika kidogo, mashine huzima au hujiwasha upya bila kuandika chochote, na Event Viewer inabaki na Kernel-Power 41 tu. Huyu anaandikiwa kosa. UPS anunue, ila hapa haitatibu.

MwanaUyole
Ndaga fijo fundi. Video zimehama. Kwa kasi ya kiwandani ilitulia, MemTest86 imekesha bila kosa. Sasa iko 4.8 kwa volti zilezile, gemu safi, WHEA-Logger haina kitu. Ninachohofia ni kurenda (kutoa video iliyokamilika), pale inachemka kuliko gemu.

fundi_Gangilonga
Una haki ya kuhofia. Programu nyingi za kurenda hutumia AVX (amri nzito za hesabu za prosesa), na hiyo inavuta umeme mwingi kuliko gemu. Kwenye BIOS tafuta AVX offset, weka 2. Ikikutana na AVX itashuka hadi 4.6, gemu zisizoitumia zitabaki 4.8. Kisha renda harusi nzima ya zamani, kutoka kwenye nakala, uitazame yote kabla hujapokea kazi ya Mwanjelwa.